Mapacha wa Yai Moja, Ngozi Tofauti: Mwongozo Kamili kwa Mzazi

"Mbona mwenzake hana?" Mzazi wa mapacha wa kufanana hulisikia swali hili kila mtoto mmoja anapotoka vipele na mwingine akabaki laini. Huuliza jirani, huuliza bibi, na wakati mwingine huuliza mhudumu wa afya mwenyewe. Mara nyingi nyuma yake kuna shutuma: wamezaliwa siku moja, wananyonya ziwa lilelile, wanaogeshwa beseni moja, kwa hiyo lazima kuna mmoja unayempuuza. Mara nyingine huwa ni faraja ya uongo: sabuni ile ingekuwa na ubaya, wangedhurika wote wawili.

Hakuna ukweli katika shutuma hiyo wala katika faraja hiyo. Swali lenyewe, hata hivyo, ni zuri mno. Mzazi wa mtoto mmoja hana wa kumlinganisha naye. Wewe unaye, wa umri uleule na chembe za urithi zilezile. Ukijua kuuliza "mbona mwenzake hana?" kama mpelelezi, utagundua mambo ambayo mzazi mwingine angehangaika nayo miezi. Hapa nitamwita aliyetangulia kuzaliwa kurwa na aliyemfuata doto, kwa urahisi tu. Wa kuugua anaweza kuwa yeyote.

Kwanza, mna hakika ni wa yai moja?

Sura haitoshi. Wapo wa mayai mawili wanaochanganya hata baba yao, na wapo wa yai moja ambao mmoja kazaliwa na uzito mdogo kiasi kwamba hakuna anayewadhania. Kondo la nyuma nalo husaidia kwa upande mmoja tu. Waliokaa kwenye kondo moja ni wa yai moja, karibu bila shaka. Lakini waliokuwa na makondo mawili hawajathibitika kuwa wa mayai mawili: yai likigawanyika mapema, ndani ya siku 3 hivi za mwanzo, kila mtoto hujijengea kondo lake, na takriban theluthi moja ya mapacha wa yai moja huzaliwa hivyo. Wengi wameambiwa chumba cha kujifungulia kwamba "hawa si wa kufanana, makondo yalikuwa mawili", kumbe sivyo. Kinachomaliza ubishi ni kipimo cha vinasaba, kinachofanywa kwa pamba inayosuguliwa ndani ya shavu.

Faida ya kujua ni hii. Kuna magonjwa ambayo wa yai moja huwa nayo wote au hawana wote, kwa sababu yanatokana na jeni moja iliyorithiwa. Selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi, ni mfano. Mmoja akigundulika nayo, mwenzake apimwe mara moja hata kama ananenepa na kucheka, maana ukali wa ugonjwa na muda wa kuanza kuonekana vinaweza kutofautiana. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ni hivyohivyo kwa wavulana: mmoja akiwa nao, wote wawekwe mbali na vidonge vya naftalini vya kufukuzia wadudu kabatini na wasipewe dawa zinazovunja damu. Kwa wasichana jambo hili lina mzunguko kidogo. Kila seli ya mwanamke huzima mojawapo ya kromosomu zake mbili za X, na uzimaji huo haulingani kati ya pacha na pacha, hivyo mmoja anaweza kuonyesha dalili na mwingine asionyeshe.

Ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, haumo katika kundi hilo, na mzio wa vyakula vilevile haumo. Jeni zina sauti kubwa hapo, lakini hazisemi peke yake.

Tofauti hutoka wapi

Huanzia tumboni. Watoto wanaotumia kondo moja hawagawani nusu kwa nusu. Kamba ya kitovu ya mmoja inaweza kujishikiza katikati ya kondo, palipo na mishipa minene, na ya mwenzake ukingoni, naye akapata kidogo. Zaidi ya hapo, mishipa ya damu ndani ya kondo huungana, na kwa takriban mimba 10 hadi 15 kati ya kila 100 za namna hii damu huhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kupita kiasi. Mtoaji huzaliwa mdogo na amepauka. Mpokeaji huzaliwa amewiva na damu yake ni nzito. Ndiyo maana ngozi zao zinaweza kutofautiana tangu dakika ya kwanza bila ugonjwa wowote wa ngozi kuwepo. Mpokeaji ana chembe nyekundu nyingi za kuvunjwa, kwa hiyo yeye ndiye wa kuangaliwa zaidi asiwe wa manjano. Mtoaji ndiye wa kuangaliwa damu na madini ya chuma.

Kisha huja kuzaliwa kwenyewe. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37. Ngozi ya mtoto mchanga aliyetimiza miezi tayari ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, na tabaka lake la juu, lile linalozuia maji kutoka na vichokozi kuingia, ni jembamba kwa kama asilimia 30. Kwa njiti wa chini ya wiki 34 tabaka hilo halijakomaa kabisa. Sasa fikiria kwamba doto alikaa wiki mbili kwenye mashine ya joto, akabandikwa na kubanduliwa plasta kila siku, akachomwa antibayotiki, huku kurwa akirudi nyumbani siku ya nne. Hutokea pia kurwa akazaliwa kwa njia ya kawaida na doto akatolewa kwa upasuaji, na hivyo vijidudu vya kwanza kukaa kwenye ngozi zao havikuwa vilevile. Umri ni mmoja, lakini ngozi zao zimepitia mambo mawili tofauti.

Na jeni zenyewe je? Watafiti wa Iceland walionyesha mwaka 2021 kwamba mapacha wa yai moja hutofautiana kwa wastani wa mabadiliko 5.2 ya vinasaba yaliyotokea mapema sana katika ukuaji. Ni machache mno. Tofauti kubwa zaidi iko kwenye jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta kwamba mapacha wa umri mdogo hufanana sana kwa hilo na huachana kadiri miaka inavyokwenda. Kwa ukurutu, tafiti za Denmark zilikuta kwamba pacha mmoja wa yai moja akiwa nao, mwenzake huwa nao katika visa kama 7 kati ya 10. Kwa wa mayai mawili ni kama 2 kati ya 10. Namba hizo zinaonyesha nguvu ya urithi. Zinaonyesha pia wale 3 waliopona kuupata huku wakiwa na jeni zilezile, na hao ndio wanaolijibu swali la bibi.

Hatua ya 1: Watenganishe kwenye kumbukumbu

Usitegemee kwamba saa nane za usiku utawatofautisha. Kosa la kumpa mmoja dawa mara mbili na mwingine kumkosesha ndilo ninalolihofia kuliko vipele vyenyewe, na kinga yake ni rahisi: paka rangi ukucha wa kidole gumba cha mguu wa mmoja, mara moja kwa wiki. Vidole vya mkono viache, maana vinaingia mdomoni. Usifunge uzi wala bangili ya kubana. Uzi, na hata unywele mmoja uliojiviringisha kwenye kidole ndani ya soksi, unaweza kukata mzunguko wa damu. Mtoto akilia bila sababu, fungua vidole vyote vya miguu uangalie.

Kisha daftari. Ukurasa mmoja, safu mbili, kila mtoto na yake. Andika kunyonya, choo, usingizi, uzito wa kliniki, na ngozi: wapi, tangu lini, inawasha au haiwashi. Andika pia kila kitu kipya kilichomgusa siku hiyo, pamoja na nani alimbeba. Manukato ya shangazi aliyempakata doto mchana kutwa ni habari. Piga picha pia, mahali palepale, mwanga wa mchana uleule, wote wawili. Baada ya wiki tatu kumbukumbu yako itakudanganya, picha haitakudanganya.

Hatua ya 2: Wakague wote wawili, uchi, kwa mpangilio

Mara mbili kwa wiki inatosha kama hakuna tatizo. Anza kichwani: utosi, nyuma ya masikio, mikunjo ya shingo, makwapa, kitovu, kinena, matako, nyuma ya magoti, katikati ya vidole, nyayo. Anza na yule usiyemdhania kuwa ana tatizo, kwa sababu ukianza na mgonjwa, mzima utamkagua kwa haraka.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi waziwazi. Ukurutu huonekana kama mabaka ya zambarau, ya kijivu au meusi zaidi, au kama vipele vidogovidogo vinavyokwaruza kwenye vinyweleo. Mkono huona kabla ya jicho: pitisha mgongo wa vidole juu ya ngozi, sehemu yenye joto au mkwaruzo ndiyo. Manjano nayo tafuta kwenye weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Hapa kulinganisha wawili mwangani husaidia sana, ila kumbuka kwamba wote wawili wanaweza kuwa wa manjano kwa pamoja, ukaona wanalingana ukaridhika.

Yapo yasiyohitaji kitu. Vijipunje vyeupe puani huondoka vyenyewe. Vipele vyekundu vyenye kichwa cheupe au cha njano vinavyohamahama mwilini kati ya siku ya 2 na ya 5 huwapata karibu nusu ya watoto waliotimiza miezi, na si ajabu kurwa akawa navyo na doto asiwe navyo. Magamba ya mafuta utosini hulainishwa kwa mafuta na brashi laini. Madoa ya kibuluu mgongoni na matakoni hayana madhara. Omba tu yaandikwe kwenye kadi tangu kuzaliwa, asije mtu siku moja akadhani mtoto alipigwa.

Lipo moja ninalotaka usilipuuze: alama nyekundu inayoinuka na kukua haraka katika wiki za mwanzo, ambayo ni uvimbe wa mishipa midogo ya damu. Huwapata zaidi njiti, wenye uzito mdogo na mapacha, na mara nyingi humpata mmoja tu. Nyingi husinyaa zenyewe kwa miaka, lakini iliyo karibu na jicho, mdomo au sehemu ya nepi, au zikiwa 5 na zaidi mwilini, zinahitaji daktari mapema, ikiwezekana mwezi wa kwanza. Dawa hufanya kazi vizuri kabla uvimbe haujakua.

Hatua ya 3: Uliza sasa: ni mmoja, au wote?

Wakitoka vipele wote wawili ndani ya siku chache, elekeza macho kwenye vile wanavyoshiriki. Joto na nguo nyingi huleta vipele vidogo vya jasho shingoni, mgongoni na kwenye mikunjo. Punguza nguo, vitaisha kwa siku mbili tatu. Sabuni mpya ya kufulia hugusa wote. Ugonjwa wa upele, ule unaoletwa na kijidudu kinachochimba ngozi, nao hupita kitandani. Kwa wachanga upele hupenda viganja, nyayo na makwapa, na muwasho huzidi usiku. Una ujanja wake: kwa anayeambukizwa mara ya kwanza, dalili huweza kuchukua wiki 2 hadi 6 kujitokeza. Hivyo doto anaweza kujikuna leo na kurwa akawa safi, kumbe tayari kijidudu anacho. Ndiyo maana hutibiwa nyumba nzima siku moja, pamoja na asiyejikuna.

Akitoka mmoja tu, angalia kwanza mahali. Vipele kuzunguka mdomo na kidevu: je, yeye ndiye anayetokwa mate zaidi, au anayenyonya kidole? Shavu moja tu: hulalia upande gani anapobebwa, na nguo ya nani inamgusa hapo? Sehemu ya nepi: je, anaharisha kuliko mwenzake, au ametoka kumaliza antibayotiki? Ikiwa ngozi imeungua kwa mkojo na choo, sehemu zilizojitokeza huwaka na mikunjo ya kinena husalimika. Wekundu ukiingia ndani ya mikunjo na kuzungukwa na vipele vidogo pembeni, hiyo ni fangasi, na krimu ya kawaida ya nepi haitaimaliza. Angalia na mdomo wake kama una utando mweupe usiofutika. Ukiuona, mkague na mwenzake, na wewe mama kagua chuchu, kwa sababu mnazungushiana.

Mabaka makavu ya kuwasha kwenye mashavu, kichwani na upande wa nje wa mikono na miguu, yaliyoanza baada ya miezi miwili au mitatu, huku sehemu ya nepi ikibaki salama, ni picha ya ukurutu. Hapo ndipo mmoja kuwa nao na mwenzake kuukosa hutokea mara nyingi, na hapo ndipo lawama huanza. Usitafute kosa ulilofanya. Tabaka la juu la ngozi ya mtoto huyu linavuja zaidi, basi, na sabuni ambayo mwenzake anaivumilia yeye inamtoboa.

Vidonda vyenye maji au usaha vinavyokauka na kuacha gamba la rangi ya asali vinaambukiza. Anza kutenganisha taulo, shuka na beseni hata kabla hujafika kituo cha afya.

Hatua ya 4: Kuoga na kupaka

Baada ya kuzaliwa, Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau saa 24 kabla ya kuogesha kwa mara ya kwanza. Ule utando mweupe kama nta una kazi yake, usiusugue. Baadaye kuoga mara mbili au tatu kwa wiki kunamtosha mchanga asiye na ukurutu, mradi uso, shingo na sehemu ya nepi vinasafishwa kila siku.

Maji yawe ya joto la mwili, karibu nyuzijoto 37, na dakika 5 hadi 10 zisizidi. Mwenye ngozi nyeti aoge kwanza, maji yakiwa safi na bila sabuni ya mwenzake. Akiwa na vidonda vya kuambukiza, aoge mwisho au kwenye beseni lake. Mpangilio huu mdogo husahaulika sana. Sabuni iwe isiyo na manukato, na iguse sehemu chafu tu. Kausha kwa kugandamiza taulo, bila kusugua, kisha paka mafuta ndani ya dakika chache ngozi ikiwa bado na unyevu.

Mafuta gani? Mafuta mazito ya mgando yasiyo na harufu wala rangi yanawafaa wengi, na bei kubwa haiyaongezei nguvu. Mafuta ya zeituni nisingeyachagua kwa mwenye ukurutu, kwa kuwa yana asidi nyingi ya oleiki inayolegeza lile tabaka la juu. Ya alizeti yana unafuu. Poda iache, vumbi lake huingia mapafuni. Na ujue kuwa mafuta ya mgando yakilowea kwenye nguo na shuka, nguo hizo hushika moto kwa kasi: mbali na jiko, mshumaa na sigara.

Mwenye ukurutu apakwe mara mbili kwa siku au zaidi, mwili mzima, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri. Na yule mzima? Wengi humpaka vilevile "kumkinga". Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoa matokeo mwaka 2020, uliofuatilia watoto 1,394 wenye ndugu wa damu wenye mzio, pumu au ukurutu, ulikuta kwamba kupaka kila siku mwaka wa kwanza hakukupunguza ukurutu walipofikia miaka 2. Kwa hiyo asiyehitaji mwache. Kopo la mgonjwa liwe lake, na uchote kwa kijiko safi. Kidole kinachotoka kwenye kidonda kurudi koponi huotesha vijidudu humo.

Hatua ya 5: Kumsaka mchokozi

Badilisha kitu kimoja, kwa mtoto mmoja, kwa wiki mbili. Hii ndiyo kanuni, na ndiyo inayovunjwa haraka zaidi, kwa sababu mtoto akiwashwa mzazi hubadilisha sabuni, mafuta, nepi na maziwa siku moja. Akipata nafuu hujui ni kipi kilichosaidia. Akizidi hujui kilichomdhuru.

Wewe una nafasi ya pekee. Anza na sabuni ya kufulia na suuza ya ziada ya nguo za doto peke yake, za kurwa ziendelee kama zamani. Wote wakipata nafuu wiki ileile, huenda hali ya hewa ndiyo iliyobadilika, wala si sabuni. Doto akipata nafuu na kurwa akabaki alivyokuwa, umepata fununu. Irudishe sabuni ya zamani siku chache uone. Ngozi ikirudi kuchafuka, umemkamata. Kitu kipya cha kupaka kijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono wa ndani, mara mbili kwa siku, siku tano hivi. Na kama kurwa hakudhurika, hilo si cheti kwa doto. Jaribu kwa kila mmoja.

Ukurutu ukiwaka

Mafuta peke yake hayazimi ukurutu uliokwisha kuwaka. Hapo daktari au mhudumu wa ngozi huandika krimu hafifu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza mwako na muwasho, mara nyingi haidrokotisoni ya asilimia 1, kwa siku chache. Naona wazazi wakigawanyika pande mbili: wanaoiogopa hadi wanaacha mtoto akikesha kwa muwasho, na wanaoipaka miezi kama mafuta. Ipake kiasi ulichoelekezwa, sehemu iliyowaka tu. Kipimo ni ncha ya kidole: krimu iliyolala kuanzia ncha hadi kifundo cha kwanza cha kidole cha shahada cha mtu mzima, kama nusu gramu, hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole. Acha kama nusu saa kati yake na mafuta.

Usitumie zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa bila kuandikwa na daktari, wala za kung'arisha. Nyingi zina steroidi kali, na chini ya nepi, palipozibwa, dawa hupenya zaidi. Na krimu ya doto isimguse kurwa kwa sababu tu wanafanana. Kucha zikatwe fupi kwa wote wawili, maana mtoto akilala karibu na mwenzake humkuna na yeye.

Chakula na mzio

Mama anayenyonyesha wawili anahitaji kula, kwa hiyo usianze kujinyima vyakula kwa sababu ya mashavu ya mmoja. Dalili za kumpeleka kuchunguzwa mzio wa maziwa ya ng'ombe ni kama damu kwenye choo, kutapika sana, vipele vya kuvimba vinavyotokea muda mfupi baada ya kula, au ukurutu mkali usiotulia kwa matibabu sahihi.

Wanapofikia kama miezi 6 na kuanza vyakula, mpe kila mmoja chakula kipya kimoja kwa wakati, asubuhi, siku mkiwa nyumbani. Wape siku tofauti, kurwa leo na doto kesho kutwa; kuwatazama wote wawili kwa makini kwa saa mbili ni kazi ngumu. Kuhusu karanga, utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 ulikuta kwamba pacha mmoja wa yai moja akiwa na mzio wa karanga, mwenzake huwa nao katika asilimia 64 ya visa, dhidi ya asilimia 7 kwa wa mayai mawili. Maana yake: mmoja akivimba midomo, usimjaribishe mwenzake jikoni, ajaribishwe kwa ushauri wa daktari. Maana yake pia ni kwamba usimnyime maisha, huenda yeye hana. Kuchelewesha kwa hofu nako si salama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kwa watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai ulionyesha kwamba walioanza kula vyakula vya karanga mapema walipata mzio wa karanga mara chache zaidi sana kuliko walionyimwa. Karanga ziwe zimesagwa laini, kamwe zisiwe nzima. Mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kabla.

Zaidi ya ngozi

Kila mmoja ana mstari wake wa ukuaji kwenye kadi. Mdogo kubaki mdogo si tatizo kama mstari wake unapanda. Mkubwa aliyeacha kupanda ni tatizo hata kama bado anamzidi mwenzake. Hili la pili hupita bila kuonwa, kwa sababu macho yote yako kwa mdogo. Miezi mitatu ya mwanzo tarajia ongezeko la gramu 20 hadi 30 kwa siku. Wakiwa njiti, hatua kama kuketi na kutambaa zihesabiwe kwa umri wa tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa, lakini chanjo zifuate tarehe waliyozaliwa.

Dawa hupimwa kwa uzito. Wenye miezi sawa na kilo 4 na kilo 5.5 hawana dozi moja. Andika uzito wa leo juu ya ukurasa wa kila mmoja, uusome kwa mtoa dawa. Kidonda cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani kinaweza kuchomoza kwa mmoja na kwa mwingine kikawa kidogo au kisionekane. Usikikamue wala kukipaka kitu. Walale chali, kila mmoja kwenye godoro lake.

Usisubiri kulinganisha

Kuna dalili ambazo ukiziona kwa mmoja hutazami mwenzake yukoje, unaondoka. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni. Kwa wa chini ya miezi miwili: kushindwa kunyonya, degedege, kulegea, pumzi 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kubonyea, joto la kwapani 37.5 au zaidi au chini ya 35.5. Madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyagandamiza kwa glasi. Kwenye ngozi nyeusi yatafute viganjani, nyayoni na ndani ya kope. Malengelenge yaliyosongamana, yenye shimo katikati, juu ya ukurutu, hasa kama mtu mwenye kidonda cha homa mdomoni amembusu. Kuvimba uso au kupumua kwa shida baada ya kula. Kitovu kilichozungukwa na wekundu unaosambaa.

Kwa mengine yote unayopeleka kliniki, nenda na wote wawili hata kama anayeumwa ni mmoja. Mvue nguo na yule mzima, umwombe mhudumu amtazame katikati ya vidole na nyuma ya masikio. Fungua daftari kwenye zile safu mbili, uonyeshe picha za wiki tatu, kisha uulize wewe mwenyewe, kabla hujaulizwa: mbona mwenzake hana?